Msalaba wa Papa

Kila jioni, baada ya kuosha masufuria, Kahindo aliketi na mdogo wake Josias mbele ya hema lao, juu ya mawe meusi ya kambi ya Mugunga. Ndani, mama alikunja zile nguo chache alizokwisha kuzikunja jana. Papa, baba yao, hakuwapo. Walipotezana naye siku walipokimbia vita kwao Munigi, na huu ulikuwa mwezi wa pili bila habari zake.

Kule Munigi papa aliwafundisha kutafuta Msalaba wa Kusini. "Peana mugongo kwa moto ya Nyiragongo," alikuwa akisema, "utaona nyota ine mbele yako."

"Yaya, musalaba ya papa iko wapi?" Josias alimuuliza dada yake jioni moja. "Pengine naye anaiangalia."

Kahindo aliupa mgongo mlima wa volkeno wa Nyiragongo, uliowaka mwekundu, akatazama mbele. Nyota zilijaa tele, ila msalaba hakuuona. Aliona haya kusema kwamba kile walichoachiwa na papa kimempotea. Akanyoosha kidole kwenye nyota nne zozote.

"Ni ile."

Josias akazipungia mkono.

Kesho yake Josias alizichora darasani, akisema ndio msalaba aliowafundisha papa. Wenzake walioujua msalaba walimcheka sana, na mmoja akasema papa yake ni mwongo. Josias alirudi macho yamemvimba.

"Papa alitudanganya?" alimuuliza dada yake.

Jioni ile Kahindo hakugusa chakula. Uongo ulikuwa wake, na aliyelaumiwa ni papa, ambaye hakuwapo kujitetea. Akamshika Josias mkono hadi kwa Mwalimu Damien, aliyekaa mahema matatu kutoka kwao.

"Papa hakudanganya," alisema mbele ya wote wawili. "Ni mimi. Sikuiona, nikamuonyesha zingine."

Josias aliuchomoa mkono wake. Mwalimu akawatoa nje.

"Kule Munigi, mulima iko kaskazini yenu," alisema. "Hapa iko kaskazini-mashariki. Mulima haikuhama, ni siye tulihama. Peaneni mugongo kwa moto. Sasa mugeuke kidogo kushoto, kwenye ziwa."

Waligeuka. Juu ya ziwa, msalaba ulikuwa umesimama.

"Moja, mbili, tatu, ine," Josias alihesabu polepole. "Papa alisema kweli."

Kahindo alilia.

"Kahindo," mwalimu alisema, "kutojua hakuna haya. Ungemwambia mutoto 'sijui', tungeitafuta wote watatu tangu jana, na jina ya papa yenu haingechafuka. Lakini umekuja kusema kweli mwenyewe, na hiyo ndiyo imeisafisha."

Jioni iliyofuata Josias alionyesha nyota moja kubwa upande wa machweo. "Yaya, na ile inaitwa nani?"

Kahindo aliitazama kwa muda mrefu. "Sijui," alisema. "Kesho tutauliza mwalimu."

Josias akasogea, akamwegemea begani.