Makaa Yaliyokaa Nje ya Kopo

Kaunta ya vifurushi ya stendi ya mabasi ilijaa watu, na katikati ya msukumano mwanamume mwenye buti za matope alikumbatia kopo la chuma lililofungwa blanketi.

"Kaka, huyo mtoto kalala?" aliuliza mwanamke wa gauni la njano, koti jeupe begani.

"Makaa ya mawe, dada. Yanapumua gesi."

"Najua. Mimi ndiye mpimaji. Nimefuata hilo."

Basi mwanamume yule, mpiga drili wa visima vya gesi, akamfuata hadi maabara. Mpimaji aliunganisha kopo na bomba la maji. Gesi ikitoka, maji yanashuka. Kutokana na kigogo kimoja cha makaa, kipande cha mviringo kilichokatwa na drili, alikadiria gesi ya tabaka zima ardhini.

Tangu hapo makopo yote mpiga drili aliyaleta mwenyewe, kavaa shati lililopigwa pasi.

"Maji yako kwenye bomba," mpimaji alimwambia. "Mbona macho yako huku?"

"Huku moyo wangu unashuka haraka zaidi."

Wakapendana. Kisha likaja kopo ambalo maji yake hayakushuka kiasi cha maana. Mpimaji akaripoti kwamba tabaka lile lina gesi haba, na bosi akaamua mtambo wa kuchimba uhamishiwe mbali, pamoja na mpiga drili wake.

"Umenifukuza, mpenzi," alisema kwenye simu.

"Nimesema nilichokiona."

Mpiga drili akakata simu. Hakupokea tena.

Mpimaji aliumia, lakini kuna kitu kilimwasha zaidi ya maumivu. Visima jirani vina gesi tele, hiki kimekosaje? Akavaa buti, akaenda kisimani.

"Kigogo kile kilikaa nje kabla ya kufungiwa?"

Mpiga drili alikuna kichwa. Kigogo kikitoka ardhini hutakiwa kutiwa koponi papo hapo, maana gesi inayotoka kabla ya kifuniko kufungwa bomba haliioni.

"Kilikaa."

"Kwa nini?"

"Ulinipigia simu. Ulikuwa unanieleza habari za shangazi yako na paka wa jirani."

"Habari ndefu ile."

"Ndefu sana. Nikaona haya kusema."

"Ukaona afadhali uninunie."

"Ndiyo."

"Mjinga wewe. Nenda kamwambie bosi."

Akaenda. Bosi akamtukana vya kutosha, kisha akaruhusu kigogo kimoja cha mwisho. Mpiga drili akamkabidhi mpimaji simu yake, imezimwa. Mtambo ukanguruma, kigogo kikapanda, cheusi, kinang'aa maji.

"Kiwe na gesi, kisiwe nayo," alisema akikibeba, "mimi nataka..."

"Funga kopo kwanza."

Akakitia koponi, akakaza kifuniko mpaka mishipa ikamtoka.

"Haya, sema."

"Nataka kukuoa. Hata wakinihamisha."

Mpimaji aliunganisha bomba, akainua kidole anyamaze. Maji yakatikisika, yakashuka, yakaendelea kushuka.

"Huhami," alisema. "Na mimi nimekubali tangu kaunta. Kamwambie shangazi. Lakini nenda kwa miguu yako. Ukimpigia simu, maneno yake hayaishi, hamtachimba tena mwaka huu."