Beseni la Mama

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, nilimwaga beseni la Mama. Sitapamba maneno: lilinitia kinyaa. Matapishi yalikuwa ya kijani, na harufu yake kali ilinifuata mpaka darasani. Nililisugua beseni nikiwa nimeziba pua, kwa hasira.

Mama ni fundi cherehani. Saratani ya titi ilimwacha mwaka mzima, kisha ikarudi, safari hii kwenye mapafu. Daktari akasema dawa ya kwanza haifui dafu tena, akambadilishia nyingine ya kutiwa kwa dripu. Tangu hapo hata harufu ya kitambaa kipya ilimtoa mbio kwenye cherehani. Maji hayakukaa tumboni. Sketi aliipunguza kiuno, kisha akaipunguza tena.

Kilichonichukiza zaidi ni kliniki. Daktari akimwuliza anaendeleaje, Mama alitabasamu na kujibu kuwa ni salama, anamshukuru Mungu. Shangazi alimsifu kwa uvumilivu. Mimi nilijua kilichojaa kwenye beseni.

Siku ya dripu iliyofuata nilimkuta amekaa sakafuni chooni, midomo imemkauka. Nikamsihi aseme ukweli. Akanikataza. Alisema dawa ya kwanza alishaondolewa. Akiilalamikia hii, nayo ataondolewa, na hajui kama kuna ya tatu.

Kule kliniki, daktari aliuliza kama kawaida.

"Salama," Mama alisema, huku ameshika ukingo wa meza asiyumbe.

"Si salama," nikasema. Mama akanikanyaga mguu, lakini sikunyamaza. "Anatapika usiku kucha. Hata maji hayakai. Mimi ndiye ninayemwaga, na ninaona kinyaa."

Neno la mwisho lilinitoka tu. Mama aliinamisha kichwa, nami nikaona haya.

Daktari aliifinya ngozi ya mkono wa Mama. Haikurudi upesi. Alisema mwili umekauka, figo ziko hatarini, na dripu ya siku ile ingeweza kumwua. Akaagiza alazwe, aongezewe maji na apewe dawa yenye nguvu zaidi ya kuzuia kutapika.

"Kwa hiyo hii mnaniondolea?" Mama aliuliza.

"Hapana, mama. Ile ya kwanza tuliiacha kwa sababu haikuuweza ugonjwa, si kwa sababu ulilalamika. Hii itasubiri upate nguvu. Huko nje ukiulizwa hali, jibu salama, ndiyo adabu. Humu ndani swali langu si salamu. Nakuuliza ili nijue nitibu nini."

Siku ya tatu wodini Mama alikunywa kikombe cha uji, na uji ukakaa. Nikamwomba radhi kwa lile neno. Akacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Hata mimi naliona kinyaa beseni lile, mwanangu. Hilo nalo lilinifanya nishindwe kulitaja. Ukiumwa, usinifuate mimi. Mwambie daktari ukweli wote, hata ule unaonuka."