Ufito Usiofuata Upepo

Soko la vitu vilivyotumika lilikuwa limefurika mpaka watu walipishana kwa ubavu, na mshona mahema alikuwa amelizunguka mara tatu, ufito uliovunjika mkononi, pindo la gauni lake la kijani limeshika vumbi. Tiara yake ya mashindano, ile ya kamba mbili inayochezeshwa angani kwa mikono, ilikuwa imevunjika ubavu wa kushoto. Ufito mpya wa kuagiza ulitaka bei ya tiara nzima. Alishajaribu mti wa hema, ukapinda. Alishajaribu fimbo ya kuvulia samaki, ikawa nzito kama mgeni asiyeaga. Mtafutaji hachoki, wanasema, lakini miguu haijaambiwa.

Mwisho wa safu ya mafundi alikaa fundi miavuli, kijana mwembamba mwenye shati la bluu lililopigwa pasi na kufungwa vifungo hadi shingoni, kana kwamba anangojea kupigwa picha.

"Dada, mvua yenyewe hakuna, na wewe unalia," akamtania.

"Silii, ni vumbi. Una kitu chepesi kama hiki?"

Fundi aliupokea ufito, akaubana kwa meno, akaugonga kwa kucha, akasikiliza. Ndivyo alivyopima kazi zake zote. Ufa, alisema, husikika kwenye taya kabla jicho halijauona. Kisha akapekua tita lake la mbavu za miavuli na fimbo za samaki, akagonga mmoja baada ya mwingine, mpaka akachomoa ufito mweusi, mwepesi, ulionyooka. Akaubana menoni. Akautoa upesi.

"Huu sikumbuki kuuweka humu," akasema polepole.

"Una ufa?"

"Mzima kuliko mimi. Chukua kwa bei ya ubavu wa mwavuli, usije ukanilaani. Na namba yangu hii hapa. Ukikusumbua, nipigie."

"Usiponisumbua?"

"Nipigie vilevile."

Alipiga kesho yake mchana, kutoka uwanja ulio nyuma ya matangi ya maji.

"Fundi, ufito wako mkaidi! Tiara inaruka vizuri ajabu, lakini nikilegeza mikono tu, inageuza pua kuelekea sokoni kwako. Upepo unakwenda huku, yenyewe inakwenda kule. Halafu inavuma, kama mtu anayetafuta sauti kabla ya kuimba."

Kicheko cha fundi kilikuja, lakini kilichelewa.

"Basi tiara yako inanitaka."

"Tiara, labda. Mwenyewe hajaulizwa."

Tangu hapo simu hazikupumzika. "Umeamkaje, malkia wa upepo?" "Nimeamka na njaa, mpenzi, lete maneno nile." Jioni jua likipungua makali fundi alifunga kibanda, akaja uwanjani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akimtazama. Mshona mahema alimpenda, na hakujificha. Kitu kimoja tu kilimkera: fundi hakuwahi kuigusa ile tiara, na ilipovuma, alitazama chini.

Wiki ya tatu shangazi wa mshona mahema, aliyekata turubai naye karakana moja, aliiona tiara ikigeuka dhidi ya upepo. Akangoja mpaka waliporudi ndani. Kisha akauchomoa ufito na kung'oa kizibo cha ncha yake kwa sindano. Ndani mlikuwa na uzi mwekundu wenye mafundo saba, umesokotwa pamoja na nywele za mtu.

"Umefungwa, mwanangu," shangazi akanong'ona. "Huku si kupenda. Ni kupendeshwa."

Mshona mahema alimpigia fundi pale pale.

"Umeniwekea nini kwenye ufito?"

"Nini? Mimi sijaweka kitu, kipenzi."

"Uzi mwekundu na nywele! Ndiyo maana kila usiku nakuota wewe? Ndiyo maana siwezi hata kula?"

Fundi akauliza kwa sauti ndogo, "Huo uzi una mafundo mangapi?"

"Saba."

Simu ikakatika. Mshona mahema alikuhesabu kukatika huko kuwa ungamo. Alilia hadi shangazi akamfunikia cherehani isilowe.

Siku tisa hakumpigia, wala hakupigiwa. Aliurudisha ufito mahali pake ili asiuone, akaitundika tiara ukutani. Siku ya kumi, saa sita mchana, madirisha yamefungwa na hakuna hata pumzi ya upepo, tiara iligeuka ukutani yenyewe, pua ikaelekea sokoni. Ikaanza kuvuma. Shangazi aliangusha mkasi.

"Mpelekee mwenyewe," akasema. "Nenda sasa hivi."

Alipofika na tiara mkononi, fundi alikuwa kibandani. Shati lake la bluu halikuwa limepigwa pasi, na vifungo viwili havikufungwa. Alipomwona hakujitetea. Aliinama chini ya meza, akatoa mabaki ya tiara nyingine na ufito mmoja mweusi, akang'oa kizibo. Uzi mwekundu. Mafundo saba.

"Ya dada yangu," akasema. "Tulikuwa tukirusha tiara mbili pamoja. Uzi wa kubana vizibo aliusokota pamoja na nywele zake, maana pamba tupu huteleza. Mafundo saba ni miaka aliyonizidi. Alisema nisisahau nani mkubwa."

"Na huu wangu?"

"Huo ni wa kushoto." Akauweka wake mezani. "Alipofariki, nilimzika nao. Kwa mikono yangu hii."

Baridi ilimpanda mshona mahema mgongoni, katikati ya lile jua.

"Siku ile niliujua kwa meno," fundi akaendelea. "Nikajidanganya kwamba fito zote zinafanana. Nikakuuzia ili uondoke mbele yangu. Nilikuuzia woga wangu, nisamehe. Na uliponiuliza kwenye simu, ningesema nini? Ungeniona mwongo au mwehu."

Mshona mahema alimtazama. Alimwamini, na bado aliogopa.

"Nitajuaje kama moyo huu ni wangu," akauliza, "au nao unageuzwa kama tiara?"

"Tuutoe," fundi akasema. "Tuone."

Alikata fimbo nyembamba ya samaki, akaichonga ncha mpaka ikawa nyepesi, akaisikiliza kwa meno mara tatu, akaitia kwenye tiara. Ule ufito wa kushoto aliuviringisha ndani ya kitambaa cha mwavuli, akaubeba kwapani hadi uwanjani.

Tiara ilipaa. Ilifuata upepo kwa utii, pua mbele, kimya. Mshona mahema alilegeza mikono, haikugeuka. Akavuta pumzi ndefu, na ndipo alipogundua kwamba yeye mwenyewe haitazami tena tiara. Alikuwa ameipa mgongo, kamba zimempitia mabegani, uso wake umeelekea pale fundi aliposimama.

Akacheka huku machozi yakimtoka.

"Haya, niulize."

"Nikuulize nini?"

"Lile ambalo mwenyewe hajaulizwa."

Fundi alifunga vifungo vyake viwili kwanza. "Utakubali kuwa mke wangu?"

Kabla mwenyewe hajafungua kinywa, kitambaa kilianza kuvuma kwapani mwa fundi, kwa sauti ya juu, yenye haraka. Fundi akabadilika rangi. Mshona mahema alisogea, akakiwekea kiganja taratibu.

"Subiri, wifi," akasema. "Acha nijibu mwenyewe."

Mvumo ukakatika, naye akajibu.