Wawili wa Jina Moja

Ukumbi wa mapokezi wa hospitali ulifurika hata pa kutia mguu hapakuonekana. Msichana wa kompyuta, aliyetumwa na kampuni yake kurekebisha orodha ya wagonjwa, alisimama katikati ya msongamano, gauni lake la kijani limebanwa huku na huku, akisikia kipaza sauti kikiita jina lilelile kwa mara ya tatu.

"Huyo mzee nimeshampiga picha ya kifua mara mbili leo," sauti ikasema kando yake. "Ya tatu ataning'ata."

Alikuwa mpiga eksirei, kijana mrefu, koti lake jeupe limepigwa pasi likanyooka.

"Kila dirisha analopita, anaandikwa upya," msichana akamwambia. "Nimekuja kulitibu hilo."

"Basi karibu, Daktari wa Majina."

Jina likamganda. Programu aliyoiandika ilifanya kazi kwa njia rahisi: kabla ya kumwingiza mtu, ilipekua orodha nzima, ikikuta jina na mwaka wa kuzaliwa vimeshaandikwa, ilimwacha nje. Marudio yakakoma. Kazi ikaisha, simu za mchana za mpiga eksirei zikaanza. "Umekula, mpenzi, au umekula kompyuta?" Miezi minne ikapita hivyo, tamu.

Kisha akaja hospitalini daktari bingwa wa macho, mgeni wa siku tatu tu. Mama wa kijana yule alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia limeshazima, la kushoto linafuata. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ya msichana ikaita.

"Mama hajaitwa," kijana akasema. Sauti ilikuwa kavu. "Siku tatu tuko kwenye benchi. Nimeuliza, hayumo."

"Hayumo vipi?"

"Nilimwandikisha kwa mkono wangu. Programu yako imemmeza mama yangu."

Simu ikakatika.

Msichana alifungua orodha. Jina la mama lilikuwepo, mwaka ndio huo. Lakini namba ya kadi ilikuwa ya mtu mwingine, mama wa mtaa mwingine aliyewahi kuandikishwa siku moja kabla. Mama wa kijana, aliyefuata, programu ilimhesabu kuwa marudio.

"Sema mtandao ulisumbua," bosi wake akanong'ona kutoka meza ya pili. "Nani atajua?"

"Mimi, bosi."

Aliibadilisha programu ilinganishe namba za kadi, si majina, akaipitisha upya kwenye fomu zote. Watu watatu wa foleni ya macho waliomezwa wakajitokeza, mama wa kijana akiwa wa tatu. Saa sita na nusu alikuwa mbele ya muuguzi mkuu, karatasi mkononi, jasho limelowesha kola.

"Kosa ni langu, dada. Hawa waliandikishwa kihalali, nami nikawatoa."

Muuguzi alimtazama juu ya miwani. "Bingwa anaondoka saa kumi. Sikuahidi kitu."

Wa kwanza akaingia. Wa pili akachelewa kutoka. Kijana alisimama dirishani, amempa msichana mgongo. Saa tisa kasorobo mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa, mama akaitwa.

Saa nzima wakakaa benchi moja, nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Hukunipigia," kijana akasema mwishowe.

"Ungenikatia."

"Ningekukatia." Akajisugua uso. "Muuguzi amenieleza ulivyosema. Ungeweza kunyamaza."

"Mama angekuwa bado benchini."

"Yale maneno yangu ya asubuhi..."

"Yalikuwa kweli."

"Yalikuwa ya hasira. Nisamehe." Akasogea, nafasi ile ikaisha.

Kitanda kikatoka kikisukumwa, mama amefungwa bandeji jicho la kushoto. Daktari, aliyefuata nyuma, akasema jicho limeokoka.

"Uko na nani, mwanangu?"

Kijana akamwinamia. "Mchumba wangu, mama."

Neno hilo hawakuwa wamewahi kulitamka, hata kwa utani. Msichana alimgeukia, midomo wazi, akaona hatanii.

Mama akanyoosha mkono hewani. "Basi sogea, binti, nikushike. Leo sikuoni."

Akasogea.