Siri Iliyoshikwa na Nyapara

Kila alfajiri Ofelia Barragán alipasha maharagwe, na Rosaura akafunga chapati za mahindi kwenye kitambaa. Mama yake Rosaura, Mama Refugio, alikunywa kahawa huku akilalamikia magoti yake. Kwa miaka tisa watatu hao waliishi hivyo katika mji wa San José. Majirani walidhani Ofelia na Rosaura ni marafiki waliopanga nyumba pamoja. Ukweli ni kwamba walikuwa wapenzi. Mama Refugio hakuuliza, nao hawakumwambia.

Ofelia na Rosaura walifanya kazi kwenye kiwanda cha matunda ya makopo. Mwaka ule, 1976, wafanyakazi walikuwa wakijiandaa kugoma. Maji ya moto yaliwababua wanawake mikono, na ruhusa ya kwenda chooni ilikuwa moja tu kwa zamu. Ofelia alikuwa katibu wa kamati ya mgomo, na wanawake walimsikiliza.

Jumatatu moja nyapara alimwita ofisini. Alimwambia, tena kwa upole, kwamba aliwaona yeye na Rosaura bustanini wameshikana mikono. Alimpa mpaka Ijumaa ajitoe kwenye kamati. Asipojitoa, kiwanda kizima kitajua, na wote wawili watafukuzwa. Sheria ya wakati huo haikuwalinda.

Ofelia alimwendea Hilario, mwenyekiti wa kamati. Hilario alikuwa mtu wa siasa kali. Kila Jumapili aliwafundisha wenzake kwamba mabepari wataanguka na mfanyakazi atakuwa huru.

"Dada, mambo ya chumbani si mambo ya mapambano," alisema. "Yatatugawa. Kaa pembeni kwanza. Tukishashinda, hayo nayo yatanyooka."

Ofelia alitoka pale na hasira kubwa kuliko aliyotoka nayo kwa nyapara.

Jirani yao wa chini, Bi Trini Luján, alikuwa dobi mstaafu. Ujanani aliongoza migomo miwili. Ofelia alimweleza yote.

"Nyapara ameshika nini mkononi?" Bi Trini aliuliza.

"Siri yangu."

"Na ikiwa si siri tena?"

Ofelia alivuta kiti, akaketi.

"Hilario anasema ni mambo ya chumbani," Bi Trini aliendelea. "Aliyeyaleta kiwandani ni nani? Si nyapara wa tajiri? Mtu akiweza kukufukuza kwa sababu ya unayempenda, hilo ni jambo la kazi, sawasawa na maji ya moto."

Kisha akamwonya. Siri hiyo si ya Ofelia peke yake, kwa hiyo Rosaura akubali kwanza. Mama asiisikie barabarani. Na asiye tayari kusema yake asilazimishwe na yeyote.

Rosaura alipoambiwa, aliogopa. Alilia, akanawa uso, akasema amechoka kumwita Ofelia mpangaji mwenzake. Wakamwambia mama.

"Magoti yangu ndiyo mabovu," Mama Refugio alisema. "Macho yangu ni mazima. Kitanda chenu ni kimoja, na mimi ndiye ninayefagia."

Alhamisi baada ya zamu, wafanyakazi walikutana ukumbini. Ofelia alisimama, Rosaura kando yake, akasema wao ni nani na nyapara anataka nini. Wanaume wengine walicheka. Kumi na mmoja waliondoka.

Ndipo akasimama Amparo, mjane wa meza ya kumenya matunda. Alisema nyapara alimtisha kwamba atatangaza mimba aliyoipata bila mume. Kwa sababu hiyo amenyamazia mikono yake iliyobabuka kwa miaka miwili. Akaketi.

Hilario alisimama. "Nilikosea," alisema. "Nilimtaka dada huyu apiganie uhuru wetu, wake ungoje." Alipendekeza dai jipya: mtu asifukuzwe kwa sababu ya anayempenda au anavyoishi kwake. Wengi walinyoosha mikono. Si wote.

Ijumaa Ofelia alimwambia nyapara kwamba hajitoi, na kwamba watu wameshaisikia siri hiyo kutoka kwa Ofelia mwenyewe. Kabla nyapara hajawafukuza, mgomo ulianza.

Waligoma wiki tatu. Walipata glavu, ruhusa ya choo, na dai lile likaandikwa kwenye mkataba.

Siku ya kurudi kazini, kila mmoja alijaza fomu upya. Palikuwa na mahali pa kuandika jina la mtu wa kuitwa ukiumia. Rosaura aliandika Ofelia Barragán. Karani aliuliza ni nani wake.

"Mwenzangu wa maisha," Rosaura alisema. "Andika hivyo hivyo."

Karani akaandika.