Ncha ya Sindano

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kifungo alifagia chini ya cherehani ya mama yake. Jina hilo alilipata alipokuwa mtoto wa kutambaa, kwa kuokota vifungo na kuvitia mdomoni, na halikumtoka tena. Zamani ufagio wake ulikusanya nyuzi na vitambaa vya kila rangi. Siku hizi ulikusanya vumbi tu. Watu walinunua nguo zilizokwisha kushonwa, na mteja mmojammoja aliyebaki alileta suruali ya kutia kiraka.

Kwa hiyo mama aliposema anakwenda kujaribiwa kwenye kiwanda cha sare za shule, Kifungo hakuweza kufunga mdomo. Siku hiyohiyo alitangaza darasani, "Mama yangu ameajiriwa kiwandani! Sare zenu atazishona yeye!" Saa hiyo mama wa watu hata langoni hajafika.

Jioni mama alirudi ameinamisha kichwa. "Nafasi zimejaa," alisema, akapita moja kwa moja jikoni.

Kesho yake Kifungo angeweza kusema ukweli. Hakusema. Wenzake walipouliza, alitia chumvi: mama ana cherehani yake ya umeme, mama huletewa chai mezani. Uongo bwana, ukishaufuga lazima uulishe kila siku.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Darasani mwao alikuwamo msichana aliyeitwa Redio, kwa sababu habari ikiingia sikioni mwake haikai. Na mama yake Redio alikuwa mshonaji kwenye kiwanda kilekile.

"We Kifungo!" Redio alisema siku moja wakati wa mapumziko. "Nimemuuliza mama. Mama yako hayupo pale. Alijaribiwa, akakataliwa! Na Jumamosi hii wanatafuta washonaji wengine."

Watoto wakaangua kicheko. Kifungo alitamani ardhi ipasuke immeze. Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, akiona kwamba mama ndiye aliyemwaibisha.

"Mama, ulisema nafasi zimejaa! Mbona wanatafuta watu tena?"

Mama aliweka chini suruali aliyokuwa akiitia kiraka. 

"Kaa, mwanangu. Nilikudanganya," alisema. "Mimi nimezoea cherehani hii ya kukanyaga. Ile ya umeme ukiigusa tu inatimua mbio. Nikaikanyaga kwa nguvu zangu zote, sindano ikavunjika. Nikaona watanicheka, mshonaji gani huyu? Nikaweka sindano nyingine kimyakimya, vipande nikavitia mfukoni. Kumbe ncha ilibaki ndani ya ukosi wa shati. Msimamizi alipopitisha sumaku, ikaonekana. Akaniuliza, 'Shati hili angelivaa mtoto wa nani?' Akanirudisha nyumbani. Sina uso wa kurudi pale."

Hasira ya Kifungo iliyeyuka, ikabaki aibu peke yake. Akiwa ameinamia vidole vyake, alieleza yote aliyoyasema darasani, mpaka ile chai ya kuletewa mezani.

Mama alimtazama, kisha akacheka kidogo huku machozi yakimlengalenga. "Ama kweli, mtoto wa nyoka ni nyoka! Basi Jumamosi tutakwenda wote."

Walimkuta msimamizi mlangoni mwa ukumbi wa kushonea, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. "Wewe si yule wa sindano?" aliuliza.

"Ndiye mimi, dada," mama alijibu. "Niliificha kwa aibu. Nilikosea. Naomba unijaribu tena."

Msimamizi aliguna, akamwonyesha cherehani moja. Kifungo aliketi kwenye benchi karibu na mlango. Safari hii mama aligusa kikanyagio kwa vidole tu. Mshono ulinyooka, mkono wa kwanza wa shati ukakaa vizuri, kisha wa pili. Alipofika kwenye ukosi, pale kitambaa kinapokuwa kinene, ikalia: tak!

Mama akaduwaa. Kifungo alijua ni nini. Mstari wa pili alikuwapo mama yake Redio, na habari ingefika shuleni Jumatatu kabla ya kengele. Moyoni Kifungo akaomba, "Ficha, mama, ficha tu." Papo hapo akajionea haya kwa kuomba hivyo.

Mama akainua mkono juu. "Sindano imevunjika!" alisema kwa sauti.

Cherehani za mstari mzima zikasimama. Vichwa vikageuka, mtu mmoja akasonya. Uso wa mama ulikuwa unawaka, lakini mkono hakuushusha. Msimamizi alikuja na sumaku, wakapiga magoti wote wawili, wakatafuta mezani na sakafuni. Ncha waliikuta ndani ya mshono. Msimamizi akavipanga vipande juu ya karatasi nyeupe, vikatimia sindano nzima.

"Hapa sindano zinavunjika kila siku," alisema, akivaa miwani yake. "Wa kuvunja ninao tele. Ninayemtaka ni wa kuinua mkono. Njoo Jumatatu."

Njiani mama alimshika Kifungo mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Kifungo aanze shule. "Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alimwambia. "Kukosea si mwisho wa kazi, mwanangu, na kukataliwa si mwisho pia. Ila ukikificha kipande, kitakuja kumchoma mtu, na aghalabu mtu huyo ni wewe."

Jumatatu, mwalimu alipomaliza kuita majina, Kifungo alihisi masikio yanawaka moto. Redio alikuwa amekwisha kumgeukia. Kifungo akainua mkono.

"Mwalimu, nina jambo la kuwaambia wenzangu."