Salamu ya Saa ya Ishirini na Sita

Mhandisi Mhoja alikuwa mwana wa Kapela, na Kapela alikuwa mwana wa Salumu Lukunja, mshika ishara wa reli katika stesheni ya Tabora, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja hakuruhusu treni ipite mpaka awe ameiona njia kwa macho yake mwenyewe. Kapela alifundisha hesabu, na hakupata kumwongezea mwanafunzi hata alama moja, awe mtoto wa jirani au wa mkuu wa wilaya. Katika ukoo huo neno likishatoka halirudi, na saini ikishawekwa haifutwi. Watu wa Tabora waliwajua hivyo na kuwaheshimu kwa hilo. Ndiyo maana Shirika la Anga la Mbayuwayu lilimtaka yeye, si mwingine, aweke saini.

Siku hizo bandari ya anga ya Tabora ilirusha ndege zisizotua popote njiani. Mbayuwayu ya Saba iliondoka Tabora na kushuka Honolulu, upande wa pili wa dunia, baada ya saa thelathini na nane. Haikwenda mbio; ilielea taratibu kwa mabawa marefu membamba, kwa kuwa mwendo wa kasi hula mafuta, na mafuta ni uzito. Kila kilichokuwamo kilikuwa kimepimwa. Abiria walipanda mizani pamoja na mizigo yao. Maji ya kunawia yalichujwa yakarudi mabombani. Taa ziliwaka na kufifia kwa ratiba, ili miili izoee saa za huko iendako, na kila baada ya saa tatu sauti iliwaamuru abiria wasimame watembee ujiani, damu isije ikaganda miguuni.

Uzito uliokuwa umebaki kupunguzwa ni wa wafanyakazi wenyewe. Zamani safari kama hiyo ilihitaji marubani wanne, na kila mmoja alikuja na kitanda chake, chakula chake na maji yake. Mhandisi Mhoja ndiye aliyewapunguza wakawa wawili. Alibuni kofia nyepesi, yenye nyuzi laini zinazogusa ngozi ya kichwa, iliyolaza nusu moja ya ubongo huku nusu ya pili ikibaki macho. Baada ya saa mbili nusu hizo zilipokezana zamu, mfano wa mbayuwayu alalaye huku akiruka. Aliiita kilaza-nusu. Marubani, ambao hawakosi utani, waliiita kofia ya vilaza. Mhandisi hakuupenda utani huo.

Hiyo ilikuwa safari ya mwisho ya majaribio. Akiitia saini hati ya usalama watakapotua, ndege arobaini zingeruka kwa mtindo huo kuanzia mwezi uliofuata. Rubani mkuu alikuwa Nyamizi, binti yake wa pekee, aliyekuwa ameivaa kofia hiyo miaka miwili, kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku ya kwanza hakuuliza hata swali. "Kama umeitengeneza wewe, baba, nipe," alisema.

Katika saa ya ishirini na sita, Mkurugenzi Rwegasira wa shirika hilo alikuja kuketi karibu na Mhandisi, kibao cha takwimu mkononi.

"Mzee, umeona? Binti yako kajibu maswali mia mbili ya hesabu, hajakosa hata moja. Mikono yake myepesi kuliko yangu mimi niliyelala saa nane."

"Mikono yako haijapata kuwa myepesi, ulale usilale."

Rwegasira akacheka. "Haya, nitukane, ila kalamu iwe tayari."

Mara Nyamizi akatokea ujiani kufanya matembezi yake ya lazima, mwenzake akiwa amebaki kwenye usukani. Sare yake ilikuwa imenyooka, kofia imekaa sawasawa. Alipofika mbele ya baba yake alisimama. Katika nyumba ile hapakuwa na mtoto aliyepata kumpita baba bila kumwamkia, hivyo Mhandisi akangoja. Nyamizi naye akangoja. Alimtazama kwa macho ya upole, kisha akamgusa shavu kwa kiganja na kumwambia:

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Akaendelea na matembezi yake, akihesabu hatua kimoyomoyo bila kukosea.

"Alaa!" Rwegasira akapiga paja. "Leo mzee mzima umepewa marahaba! Binti yako ana utani huyo."

Mhandisi hakucheka. Alimkumbuka Siwema, mtoto wa Nyamizi mwenye miaka minane, aliyemjia wiki iliyopita akiwa kwenye michoro yake. "Babu, mama kaniamkia shikamoo. Nikamwambia, mama, mimi si mtoto? Akaniamkia tena." Naye alimjibu, "Anakutania huyo," bila kuinua kichwa.

Akakumbuka na jambo jingine zito zaidi. Kilaza-nusu cha kwanza kilikuwa na kipimo cha salamu. Kabla rubani hajapokea zamu, mtambo ulimsemesha kwa sauti ya mzee, kisha kwa sauti ya mtoto, naye alipaswa kumwamkia wa kwanza na kumwitikia wa pili. Mhandisi alikuwa amegundua kwamba ubongo uliochoka waweza kujumlisha na kusoma mishale ya mitambo, lakini hupoteza kwanza kujua wewe ni nani mbele ya nani. Wajumbe wa bodi walicheka mpaka wakafuta machozi. "Mzee, hiyo inakula nusu dakika kila zamu," Rwegasira alimwambia, "na salamu si sayansi." Naye, kwa kuogopa kuitwa mtu wa kale, alikifuta kipimo kile kwa mkono wake mwenyewe.

"Waambie wavue kofia," akasema. "Wote wawili."

"Mzee, tuko katikati ya bahari! Kwa ajili ya utani wa salamu?"

"Basi nenda kamuulize mimi ni nani wake."

Rwegasira alimfuata Nyamizi jikoni mwa ndege, Mhandisi akiwa nyuma yake. "Kapteni, yule pale nani?"

Nyamizi alitabasamu bila shaka yoyote. "Mwanangu yule. Msumbufu kidogo kwenye kula."

"Na baba yako ni nani?"

Nyamizi akafungua kinywa, akafikiri, akataja kimo cha ndege kutoka usawa wa bahari, mpaka mita ya mwisho.

Rwegasira akakiweka chini kibao chake.

Mhandisi alimvua binti yake kofia, akaona alama za nyuzi zimejipanga kichwani kama mistari ya daftari, akamlaza kwenye kitanda chake yeye. Rubani wa pili, aliyeivaa kofia kwa miezi minne tu, naye alivua yake, na alikuwa bado ana akili zake timamu. Mhandisi aliketi pembeni yake mpaka Honolulu, akimsemesha kila robo saa na kusikiliza anavyoamkia. Kijana alipoanza kujikwaa, alimlaza kidogo huku ndege ikijiendesha.

"Mzee," Rwegasira akasihi walipotua, "andika kwamba inahitaji marekebisho. Neno hilo tu."

Mhandisi aliandika: *Haifai. Imemharibu mtu, na aliyeitengeneza ni mimi.* Akatia saini.

Ndege zilirudia marubani wanne. Lakini usingizi mzima haukukirudisha mahali pake kile kilichokuwa kimehama. Nyamizi anapika, anapiga hesabu, anakumbuka njia zote za anga. Kila asubuhi humwamkia Siwema shikamoo, na Siwema huitika, "Marahaba, mama," bila kucheka, huku akifunga kamba za viatu vya shule. Kisha Nyamizi humgeukia baba yake, akasimama akingoja, kama mzazi angojavyo. Miezi ya mwanzo Mhandisi alimsahihisha, naye alilia kama mama aliyedharauliwa na mtoto wake. Basi sasa mwana wa Kapela, mjukuu wa Salumu Lukunja, mwenye miaka sabini na mmoja, husimama wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nanyi vijana mnaosomea uhandisi, sikieni. Msikifute kipimo cha wazee kabla hamjajua kilikuwa kinapima nini. Na kesho asubuhi mkimwamkia mzazi, msipite mbio. Simameni, msikilize anavyoitika.